Sarafu za Kale katika Udongo Mwekundu wa Arua na Koboko

Kitambua-metali hupeleka ardhini uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi, nao ukikuta kipande cha metali huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, ambayo hutoa uga wake dhaifu unaonaswa na koili ya kupokea na kugeuzwa kuwa sauti. Katika viwanja vya Arua na Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda, hata hivyo, wa kwanza kuitika ni udongo wenyewe, kwa kuwa murram, udongo mwekundu wa huko, ina oksidi za chuma zenye usumaku. Ndiyo maana mtafutaji makini huchagua mahali pasipo na metali, akainua na kushusha koili huku akirekebisha kifaa mpaka sauti itulie. Kazi hii huitwa kusawazisha ardhi, na anayeiruka huishia kufukua kokoto.

Kuhusu sarafu zenyewe, Arua ilianzishwa kama kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1914, wakati rupia ingali ikitumika. Florini ilifuata mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Senti kumi ya bodi hiyo, iliyotengenezwa kwa bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, ina tundu katikati, na mtu angedhani kwamba tundu hilo huififisha ishara yake. Sivyo, kwa sababu mikondo hukimbia kwa nguvu zaidi karibu na ukingo wa sarafu, hivyo kilichoondolewa katikati huipunguza kidogo tu. Kinachosumbua zaidi ni kizibo cha chupa ya soda: chuma chake chembamba kilicho bapa hutoa ishara inayofanana na ya metali bora.

Thamani ya sarafu, hata hivyo, iko zaidi katika mahali ilipolala na vitu ilivyolala navyo. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia waliofukua hazina ya sarafu mwaka 1984 walikuta dinari za dhahabu za Wafatimi pamoja na sarafu nyingi za fedha za watawala wa pwani, na kwa kuwa sarafu hizo za fedha hazina tarehe, dinari ndizo zilizosaidia kukadiria umri wake. Mtu mmoja mwenye jembe na haraka angeufuta ushahidi huo kwa asubuhi moja.

West Nile ina sababu nyingine ya kuhimiza uangalifu. Mapigano yaliyofuata kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, na uasi wa miaka ya 1990 uliotumia mabomu ya kutegwa ardhini, yaliacha vilipuzi ardhini, na ingawa Uganda ilitangazwa kuwa huru kutokana na mabomu hayo mwaka 2012, kitambua-metali hakiwezi kumhakikishia mtu kwamba kinacholia ni sarafu. Anayepata ishara kubwa au ya kina asichimbe: aweke alama kwa mbali na kuwaita polisi.