Bwana na Bibi Waliopotea Mtoni

Kitabu tunachokitazama safari hii kinaitwa Sunk Without a Sound, maana yake, Walizama bila sauti. Mwandishi wake ni Brad Dimock, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi ya kuongoza mashua katika mto Colorado. Kilitoka mwaka wa 2001. Msomaji mpenzi ataniuliza: mto wa mbali namna hii watuhusu nini? Mto, pengine hautuhusu. Lakini kitabu hiki chahusu ulimi wa watu, na ulimi uko kila kijiji.

Kwanza mahali penyewe. Colorado hupita katika jangwa la Arizona, nao umekata mwamba hata ukafanya korongo kubwa mno, Grand Canyon. Kwa kufuata maji, urefu wake ni kilomita 446. Mahali pengine, mtu akisimama juu ukingoni, mto uko chini yake meta 1,600 na zaidi. Juu ni ukame na miiba. Chini ni maji yenye kuanguka juu ya mawe. Msafiri hulala juu ya mchanga kando ya mto, na kila afikapo penye maji makali hushuka kwanza, atembee juu ya mawe, ayatazame vizuri, ndipo achague njia.

Mwaka wa 1928 Glen Hyde, mkulima wa Idaho, alimwoa Bessie, msichana aliyependa kuchora. Fungate yao walitaka kuifanya humo. Glen alijenga kwa mikono yake tishari la mbao, urefu wake meta sita hivi, lenye kasia moja refu mbele na moja nyuma. Tarehe 20 ya mwezi wa kumi waliondoka Green River, katika Utah. Walitumaini sifa: hapakuwa bado na mwanamke aliyejulikana kuwa amepita korongo lote kwa mashua.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja walifunga tishari, wakapanda kwa miguu njia ya Bright Angel mpaka juu, wakafika nyumbani kwa Emery Kolb, mpiga picha, ambaye yeye na ndugu yake walikuwa wamekwisha kuushuka mto ule. Kolb alitaka kuwapa jaketi za kuelea majini. Hawakuzichukua. Wakateremka tena. Tarehe 18 mtu wa mwisho aliyewaona aliagana nao penye maporomoko ya Hermit. Basi, kimya.

Siku chache kabla ya Noeli ndege ililiona tishari limetulia juu ya maji, halikupinduka. Ndugu wawili Kolb walilifikia. Ndani mlikuwa na chakula, nguo, kamera na daftari ya Bessie. Kwenye ubao wa tishari mlikuwa na alama 42 zilizokatwa, moja kwa kila siku ya safari. Ndiyo kusema, mpaka tarehe 30 ya mwezi wa kumi na moja. Baba yake Glen aliwatafuta sana. Hakuwapata, wala mifupa haikuonekana.

Hapo ndipo kazi ya ulimi ilipoanza. Waongozi wa mashua walikaa na wageni wao usiku kuzunguka moto, na hadithi ya bwana na bibi ilikuwa tamu kusimulia. Glen akageuzwa mume mkali, Bessie akageuzwa mwanamke aliyelazimishwa. Mwaka wa 1971 bibi mzee mmoja, msafiri wa mashua, aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye Bessie, na kwamba ndiye aliyemchoma mumewe kisu. Baadaye alikana, lakini nani husimulia habari ya kukana? Tena Kolb alipokufa mwaka wa 1976 mifupa ya mtu ilipatikana katika banda lake, fuvu lina risasi. Watu wakasema: Ndiye Glen! Wataalamu waliipima, siye.

Bwana Dimock anayachukua masimulizi hayo moja moja, anayafuata mpaka shina lake, na shina halipo. Kwa kazi hii astahili shukrani. Yeye adhani waliangamia kwenye maji ya maili ya 232, penye miamba iliyochongoka kama meno, karibu na mahali tishari lilipoonekana. Tena hakusema akikaa mezani tu. Alijenga tishari la namna ileile, akashuka nalo Grand Canyon pamoja na mkewe. Hapo kitabu chapendeza kuliko pengine pote, maana twaona ugumu wa kuongoza mbao nzito kwa makasia mawili.

Lakini nina maneno mawili juu yake. La kwanza: jaribio lile si sawasawa na safari ya 1928. Tangu mwaka wa 1963 boma la Glen Canyon linazuia mto, maji hutoka kwa kipimo, baridi na bila tope. Glen na Bessie walikutana na mto usiofungwa. Sisi tukaao karibu na mito mikubwa twajua kwamba mwamba mmoja waweza kuwa salama leo na kuua mwezi ujao.

La pili ni zito. Kwangu mimi mwandishi anampenda Glen kupita kiasi. Ni haki kumwondolea uuaji. Kumshuhudia mtu uwongo ni dhambi, awe hai au amekufa. Lakini zile jaketi je? Mume aliyeijua mito ya Idaho alimpeleka mkewe mahali watu wamekufa, naye akaacha kitu cha kumwokoa kilichokuwa mbele yake. Ningependa mwandishi akae hapo kurasa chache zaidi, na chache pungufu kwa bibi mzee wa 1971. Wala nisimfanye Bessie mtoto: naye alikuwa na kinywa, naye aliitaka sifa ile. Waliamua pamoja kiasi gani? Daftari yake haituambii.

Mwaka wa 1938 Elzada Clover na Lois Jotter, wanawake wenye elimu ya mimea, walipita korongo lote wakatoka salama. Anayesoma Kiingereza akitafute kitabu hiki, na asikisome usiku mmoja kwa haraka ya kujua nani aliua.