Gramu 58

Shangazi hakumpa chakula. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshafungua jokofu natafuta maziwa.

Kijana wa wakata miti alisimama mlangoni, kofia yake ya kazi ameigeuza ikawa bakuli. Ndani, juu ya majani makavu ya mwaloni, amelala mtoto wa kindi. Macho yamefumba, damu imeganda puani, mguu wa nyuma wa kushoto umevimba. Waliuangusha mti bila kujua kwamba juu kuna kiota, akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja kitu cha watu. Mama wa yule mtoto walimkuta chini ya tawi, hana uhai. Shangazi alimwambia asijilaumu, akaipokea ile kofia kwa mikono miwili kama mtu anayepokea bakuli la uji wa moto, akausukuma mlango kwa kisigino.

Hapa ni Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kando ya mto Merrimack, ambako Wakenya tumekuwa wengi. Shangazi anahudumia wazee katika makao yao, zamu za usiku mwishoni mwa juma. Siku zinazobaki anahudumia kindi. Ana kibali cha jimbo. Alisoma, akafanya mtihani, na karatasi yenyewe ameitundika jikoni karibu na kalenda ya kanisa. Bila kibali, sheria ya hapa haikuruhusu kumlea mnyamapori nyumbani, hata kwa huruma. Anaikubali sheria hiyo kwa moyo wote, kwa sababu ameletewa wengi walioharibiwa na huruma: waliojazwa maziwa ya ng'ombe wakaharisha hadi kukauka, waliolishwa wakiwa baridi, waliobebwabebwa na watoto wa nyumba nzima.

"Joto, maji, maziwa," aliniambia. "Kwa mpangilio huo, mwanangu. Ukiruka moja, umemuua."

Akamweka kifuani, chini ya sweta, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kuniuliza habari za nyumbani. Tulizungumza karibu saa nzima: mvua za Taita, nani kaoa, nani kauza shamba. Mkono wake mmoja haukutoka kwenye sweta. Mtoto aliyepoa, alinieleza katikati ya hayo, tumbo lake nalo limelala. Maziwa yakiingia humo hayasagwi. Yanachacha na kumvimbisha. Ndiyo maana unangoja. Na huyu, kwa ile damu ya puani iliyoonyesha kwamba huenda kichwa kimeumia, hakutaka joto kali. Alipomlaza katika sanduku, mto wa umeme aliuwasha kwa kiwango cha chini kabisa na kuuweka chini ya nusu moja tu ya sanduku, ili nusu ya pili ibaki na ubaridi wake na mtoto akizidiwa ajivute mwenyewe. Mimi ningemzungushia joto pande zote.

Kisha maji. Alimfinya ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili, akaiachia. Ilibaki imesimama kama kihema kidogo, ikalala polepole. "Umeona? Amekauka." Akamdondoshea maji ya chumvichumvi, ya aina ile wanayopewa watoto wanaoharisha, tone kwa tone, kila baada ya muda, hadi ile ngozi ikaanza kurudi mahali pake upesi. Ndipo akamweka kwenye mizani ya jikoni. Gramu 58, sawa na yai moja la kuku. Aliandika katika daftari tarehe, saa na uzito, kwa mwandiko wake wa kuinama kulia.

Umri wake hakuukisia, aliusoma mwilini. Kindi wa kijivu wa Marekani huzaliwa akiwa uchi, mwekundu, ana gramu 15 hivi. Huyu alikuwa na manyoya mafupi ya kijivu kama mahameli, na meno mawili ya chini ndiyo kwanza yamechomoza ufizini. Macho hufumbuka kati ya wiki ya 4 na ya 5. Basi ana wiki 3 na siku kadhaa. Mama yake angekuwa hai, Shangazi asingempokea, angemrudishia. Huweka mtoto ndani ya kisanduku chini ya mti, na chupa ya maji moto imefungwa kitambaa pembeni, akakaa mbali. Kindi mama hurudi, akamwuma mwanawe kwa upole na kumbeba hadi kwenye kiota kingine, kwa kuwa huwa na zaidi ya kimoja. Na si kweli kwamba humkataa mtoto aliyeguswa na mtu. Lakini hungojewa mchana, maana kindi usiku amelala.

Asubuhi yake daktari wa wanyama alipiga eksirei. Mfupa wa mguu ulikuwa na ufa, haukukatika. Alitoa dawa ya maumivu iliyopimwa kwa uzito, na agizo moja: sanduku dogo, asipande kitu. Mfupa wa umri ule huunga wenyewe ukiachiwa utulivu.

Kumlisha ndiko kuliko na ufundi wenyewe. Sisi tumezoea kumpakata mtoto chali. Kindi akinyweshwa chali, maziwa yanampalia, na maziwa yakiingia mapafuni ni nimonia. Shangazi humshika wima ndani ya kitambaa, kichwa kimeinama mbele kidogo, kiganja cha kushoto kimemkumbatia kwa nyuma na mikono miwili midogo ya kindi imeshika kidole cha Shangazi. Mkono wa kulia una bomba la sindano la mililita 1, lisilo na sindano, na ncha yake imevishwa chuchu ya mpira. Kipimo cha mlo mmoja ni asilimia 5 ya uzito. Kwa gramu 58 hiyo haifiki hata mililita 3, nusu ya kijiko cha chai na ushei, na mlo huo huchukua muda mrefu kuliko wa mtu mzima anayekula sahani ya wali.

Nilikitazama kidole gumba chake. Hakisukumi. Kinangoja koo limeze, ndipo kinasogea upana wa uzi. Koo likisimama, nacho kinasimama. Wakati mwingine mtoto alinyonya kwa pupa, akavuta kwa nguvu hata bomba likasonga lenyewe, na hapo Shangazi akawa anazuia, anarudisha nyuma, anamnyima kidogo kwa faida yake. Nimeona mafundi wa kushona kofia za vito pwani wakitembeza sindano hivyo, bila papara na bila kusimama.

Siku ya nne nilimwomba nijaribu, naye akakaa karibu nami na kuniruhusu. Mililita ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili nikajiona nimeshajua. Nikabonyeza mara moja, kidogo tu, na povu jeupe likatoka puani mwa yule mtoto. Shangazi alimchukua kabla sijasema neno, akamwinamisha kichwa chini, akamfuta pua kwa ncha ya shashi, akangoja. Kindi akapiga chafya, akapiga nyingine. Hakunigombeza. Ila kwa siku 2 zilizofuata, kila alipomtoa sandukuni, alimweka sikioni kwanza akifumba macho, anasikiliza kifua kama kuna mlio wa kukwaruza. Haukuwepo. Nilishukuru Mungu, na sikuomba tena kumlisha hadi aliponiita mwenyewe.

Baada ya kila mlo kuna kazi nyingine ambayo wageni hawaijui. Mtoto wa umri huo hawezi kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba ndipo mkojo utoke. Shangazi huchukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu na kumpapasa kwa mpigo ule ule wa ulimi, mwepesi na wa harakaharaka, hadi pamba igeuke rangi. Huitazama hiyo rangi kwenye mwanga wa dirisha. Manjano iliyofifia, maji yanatosha. Ikikoza, maziwa yanasubiri na maji yanarudi. Mikono hiyo hiyo inawageuza wazee kitandani usiku wa Jumamosi, na sikuona tofauti katika namna inavyogusa.

Maziwa yenyewe ni ya unga, yale ya watoto wa mbwa, yaliyoongezwa malai, kwa sababu maziwa ya kindi yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe, na sukari ndogo. Hapo ndipo Shangazi hukumbuka kwao. Yeye ni wa Voi, mlangoni mwa Tsavo Mashariki, ambako David Sheldrick alikuwa mkuu wa hifadhi na mkewe Daphne akilea tembo yatima. Kwa miaka mingi tembo wachanga, wale wasioweza kitu kingine ila maziwa, walimfia mikononi, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayakuwafaa. Alijaribu hiki na kile, hadi akaona kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia ya tembo. Nazi, kitu ambacho kila jiko la pwani linakikuna! Shangazi husimulia jambo hilo kwa fahari, kana kwamba nazi ile ilitoka kwenye mbuzi ya bibi yake.

Lakini kisa anachokirudia zaidi ni cha Aisha. Aisha alikuwa mtoto wa tembo aliyeokolewa kwa chakula hicho na kulelewa na Daphne peke yake. Daphne akasafiri kwa harusi ya binti yake. Aisha akakataa kula, akafa. Tangu hapo, katika kituo chao cha Nairobi, walezi hubadilishana zamu za kulala bandani, ili mtoto asimfanye mtu mmoja kuwa dunia yake yote. Shangazi aliusikia ule utaratibu wa zamu akiwa msichana, na nadhani ndio uliomfundisha namna ya kulea. Mwishoni mwa juma, anapokwenda kazini, sanduku huhamia kwa mwenzake mwenye kibali upande wa pili wa mji. Na mtoto hapewi jina. Katika daftari huyu ni nambari na tarehe. Hazungumzi naye pia. Anamlisha kimya, mlango wa chumba umefungwa, redio imezimwa. Mwanzoni kimya hicho kiliniuma, nikaona ni ukavu. Baadaye nikamwona akifunga kifuniko cha sanduku na kubaki ameweka kiganja juu yake kwa kitambo.

Macho yalifumbuka mwishoni mwa Aprili, la kulia kwanza. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mwezi Mei aliletwa kindi jike wa rika lake, ambaye alikuwa ametengwa kwanza kwa siku kadhaa kuhakikisha hana ugonjwa, na wote wawili wakalala wamejikunja kama mpira mmoja, mikia juu. Kuanzia usiku huo yule wetu aliacha kabisa kulia mkono wa mtu ulipoondoka.

Chakula kigumu nacho kina mtego wake. Jirani mmoja mwema alileta mfuko wa karanga. Shangazi aliupokea kwa shukrani, akanipa mimi nile. Karanga, mahindi, mbegu za alizeti, vyote kindi huvipenda kupita kiasi, na vyote vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Akikua kwa hivyo peke yake, mifupa inalainika, miguu inatetemeka, mwisho hainyanyuki. Kwa mtoto ambaye tayari ana ufa mguuni, hilo halina mjadala. Basi kwanza vidonge vya chakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wagugunaji, kisha majani, machipukizi, matawi yenye magome. Na kipande cha pembe ya kulungu iliyodondoka msituni, kwa sababu huko porini kindi huguguna pembe na mifupa kutafuta kalsiamu, na meno yao ya mbele hayaachi kukua maisha yote, lazima yapate kitu cha kuyasaga. Sauti ile ya kuguguna, kuanzia alfajiri, ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuamka.

Katikati ya Juni walihamia kizimba kikubwa cha nje, kirefu kuliko mtu, chenye matawi na sanduku la kulalia. Shangazi akawa anaingia mara moja kwa siku, kubadilisha maji na kuweka chakula. Asubuhi moja alitoka na tone la damu kwenye kidole. Yule wa kofia alikuwa amemng'ata. Uso wa Shangazi ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyepigiwa simu na habari njema kutoka nyumbani. "Ameshakuwa wa mwituni," alisema, akaenda kunawa.

Walipofikisha zaidi ya gramu 350, alfajiri ya siku isiyo na mvua, aliacha mlango wa kizimba wazi na kurudi ndani. Hatukusimama karibu. Jike alitoka kwanza, akapanda mwaloni bila kugeuka. Yule wetu alikaa kizingitini karibu nusu saa, mkia umelala mgongoni, pua inafanya kazi. Kisha akashuka, akaruka kwenye shina, na ule mguu wa kushoto ukasukuma sawasawa na wa kulia. Shangazi alikuwa anautazama huo mguu tu.

Kwa wiki moja walirudi kulala kwenye sanduku la kizimbani. Halafu jioni moja tulimwona kwenye tawi la juu, mdomoni amebeba kishada cha majani mabichi alichokikata mwenyewe, anakipenyeza penye panda, anashuka, anakata kingine. Hakuna aliyemwonyesha kiota kinajengwaje. Kile cha mama yake alikijua gizani tu, macho yamefumba. Shangazi alikuwa amevaa sare yake ya usiku, mkoba begani, funguo za gari mkononi. Alitazama kishada cha tatu kikiwekwa, na cha nne. Nikamkumbusha saa.

"Najua, mwanangu," akasema, na akabaki amesimama.