Sufuria Moja, Fulana Kumi

Fundi wa Kamukunji anayetaka kuuza mtandaoni huanza na swali hili: "Picha moja ni pesa ngapi?" Mpiga picha aliyegeuza sebule yake ya Buruburu kuwa studio humrudishia swali: "Picha ya nini?" Wengine hudhani anapima mfuko wa mteja. Kumbe bei iko hapo hapo, katika ngozi ya kile kitu kinachopigwa picha.

Chukua fulana za Gikomba. Zinatandazwa juu ya kadi nyeupe, kamera inafungwa kwenye stendi ikitazama chini, taa mbili zinawashwa, moja kila upande. Kitambaa hutawanya mwanga, kwa hivyo taa ikisogea kidogo hakuna atakayejua. Fulana kumi, pamoja na kuzihariri, zinaweza kumalizika kwa saa mbili.

Sufuria ya alumini iliyong'arishwa ni habari nyingine. Hicho ni kioo kilichopinda, na kioo kilichopinda huona karibu kila kitu kilicho mbele yake. Ipige nje, kwenye ploti ya Umoja, hata mwezi wa Julai ambapo mawingu ya Nairobi hulainisha jua kuliko taa nyingi za kununua: itakuonyesha kamba za nguo, tangi la maji, na wewe mwenyewe umechuchumaa na kamera usoni. Ukiingia nayo ndani, ukuta wa kijani utaipaka ukijani.

Dawa ni kuichagulia sufuria cha kuona. Inazungushiwa shuka nyeupe, lenzi inachungulia kwenye tundu, taa zinabaki nje ya shuka. Sasa inaakisi weupe mtupu, na hapo tatizo la pili linazaliwa. Masoko ya mtandaoni hupenda mandharinyuma nyeupe. Amazon hudai picha kuu iwe na weupe kamili, 255 katika kila rangi ya msingi, na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Sufuria nyeupe juu ya weupe haina ukingo. Kwa hivyo vipande vya manila nyeusi husimamishwa kushoto na kulia, nje kidogo ya fremu, ili vichore mstari mwembamba mweusi kandokando ya chombo. Kipande kikisogea kidogo tu, mstari unanenepa au unapotea. Halafu kuna alama za vidole, na vumbi ambalo jicho halikuliona lakini lenzi imeliona. Saa mbili zimekwisha kwa sufuria moja.

Tupige hesabu, nikitumia shilingi 500 kwa saa kama kipimo cha mfano tu. Sufuria moja: saa mbili za kupanga na kupiga, nusu saa ya kuhariri, jumla 1,250. Sufuria kumi na mbili: saa mbili za ile ya kwanza, dakika 20 kwa kila moja ya zile kumi na moja zilizobaki, kisha saa sita za kuhariri. Hizo ni saa 11 na dakika 40, yaani takriban 5,833, au 486 kwa kila sufuria. Mpiga picha ni yule yule na shuka ni ile ile. Kilichoshusha bei ni kugawana yale maandalizi ya mwanzo. Basi mteja akileta sufuria moja leo na nyingine wiki ijayo, asishangae akitozwa kama mgeni mara zote mbili. Na akizileta zote pamoja, zimepangwa kwa ukubwa na kufutwa mafuta ya karakana, ana haki ya kuomba apunguziwe.

Kamera, ambayo ndiyo watu huikodolea macho, ni sehemu ndogo. Shata ya Canon 6D ilikadiriwa kudumu kwa picha 100,000. Tuseme mpiga picha ameinunua kuukuu kwa shilingi 80,000 na imebakiza picha 80,000: kila mbonyezo ni shilingi moja. Nauli na tokeni za stima huenda zikazidi hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni matumizi ya picha yenyewe. Mikataba ya kigeni inayozunguka mtandaoni huchukulia kwamba hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, naye anauza leseni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huanzia upande wa pili: kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kwa picha za katalogi sioni hasara kubwa. Ni nani mwingine atakayezitaka? Lakini picha ikiwa ya tangazo, mpiga picha aandike mapema itatumika wapi na kwa muda gani. Asipofanya hivyo, kwa zile 486 atakuwa ameuza pia bango la Barabara ya Jogoo.