Fundi wa Sakafu Inayolia

Mtu anayehama Dar es Salaam, alikozoea sakafu ya saruji, akapanga nyumba ya mbao Minneapolis, hushangaa majira ya baridi yakikolea: kila hatua anayopiga ukumbini, sakafu inamjibu. Alipoingia wakati wa joto ilikuwa kimya. Hakuna kilichovunjika, mbao zimekauka.

Hewa ya baridi kali ina mvuke kidogo sana. Ikishaingia ndani na kupashwa moto, hunyonya unyevu popote inapoupata: kwenye midomo ya watu, kwenye makabati, kwenye mbao za mwaloni zilizotandikwa sakafuni. Ubao nao hausinyai sawasawa. Urefu wake karibu haubadiliki. Unaopungua ni upana na unene. Boriti ikipungua kimo hata kwa milimita moja, plaiwudi iliyopigiliwa juu yake hubaki imening'inia kwenye misumari. Mguu ukikanyaga, plaiwudi hushuka ikiusugua msumari. Mguu ukiondoka, hupanda ikiusugua tena. Kuugongelea chini msumari uleule huleta kimya cha muda mfupi tu, kwa kuwa tundu lake limekwisha kulegea.

Ndiyo maana fundi anayestahili sifa haanzi na nyundo. Humwomba mwenye nyumba atembee juu taratibu, naye akashuka kwenye chumba cha chini ya ardhi, ambako maboriti yako wazi, akiwa na tochi na chaki. Anasikiliza. Kisha anaweka ncha ya kidole mahali boriti inapokutana na plaiwudi, kwa sababu pengo ambalo jicho halilioni, kidole hulihisi likifumba na kufumbua.

Hapo ndipo anapotoa kabari nyembamba ya mbao, akaipaka gundi na kuisukuma kwa mkono mpaka igome. Kuigongomea ni kosa. Ni sawa na karatasi inayokunjwa chini ya mguu wa meza inayoyumba: ikizidi unene, mguu mwingine unabaki hewani. Kabari iliyolazimishwa huinua sakafu, na mlio unahamia boriti ya pili. Mkono unaojua kuishia hapo hapo, bila kuongeza pigo moja, ndio ufundi wenyewe.

Mlio ukitoka kwenye ubao wa juu ulioachana na plaiwudi, dawa ni skrubu ya kutokea chini, na hesabu yake haitaki haraka. Plaiwudi ya milimita 18 na ubao wa milimita 19 ni jumla ya milimita 37. Skrubu ya milimita 30 ina pa kushika na haiwezi kutokeza juu ikamchoma mtoto unyayo. Tundu la kwenye plaiwudi hutobolewa pana kidogo, ili skrubu ipite bila kung'ang'ania, iuvute ubao wa juu ushuke.

Orofani, ambako chini kuna dari iliyozibwa, kazi hufanywa kwa juu. Fundi huzitafuta boriti, ambazo katika nyumba nyingi za Marekani hupangwa kila inchi 16, yaani kama sentimita 40, kisha hupitisha kwenye zulia skrubu zilizochongwa mkato shingoni ili kichwa kikatike ndani ya mbao. Mbao mbili zinazosuguana kingo tu huhitaji poda ya talki iliyofagiliwa kwenye ufa. Ni kazi ya dakika chache, na inafaa kujaribiwa kabla ya kutoboa chochote.

Katika kasri la Ninomaru, ndani ya ngome ya Nijo mjini Kyoto, mlio huohuo ni fahari. Ngome hiyo ilijengwa na Tokugawa Ieyasu mwaka 1603, na sakafu za korido zake hulia kama ndege kila wageni wanapopita, pale vibano vya chuma chini ya mbao vinaposuguana na misumari yake. Husimuliwa sana kwamba zilitengenezwa hivyo ili mvamizi asiingie kimyakimya. Chanzo ni kilekile cha Minneapolis: chuma, mbao na nafasi ndogo katikati.

Akiwa bado chini na tochi yake, fundi mwangalifu huikagua pia boriti yenyewe. Ikiwa imekuwa nyeusi karibu na bomba la maji, huidunga kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza, na kabari haina kazi hapo. Boriti huegemezwa nguzo kwanza, bomba likazibwa, ndipo suala la mlio lifikiriwe.