Fundi Asiyeruka Hatua

Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake. Hana mtoto, na ndugu za mumewe wamemsimanga mpaka nyumbani kwao wakachoka kusikia. Myombekere anapokwenda ukweni kumwomba mkewe, anaambiwa alete kwanza pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angelimaliza jambo hilo kwa sentensi moja: akapika, akapeleka, akarudishiwa mke. Aniceti Kitereza, katika riwaya yake, haendi hivyo. Anamchukua msomaji mpaka migombani na kumkalisha huko.

Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, zikavundikwa, zikasubiriwa. Zikishaiva humenywa na kukamuliwa kwa majani mpaka maji yake matamu yatoke, kisha huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa yachachuke. Hakuna hata moja la kuharakisha. Ukivundua mapema, ndizi hazikamuliki, ukichelewa, zimeharibika. Na wakati wote huo mwanamume analala peke yake, hana wa kumpikia, jirani wanajua, naye anajua kwamba wanajua. Hapo ndipo ufundi wa Kitereza ulipo. Hatuambii kwamba Myombekere anampenda Bugonoka. Anatufanya tungoje naye ndizi ziive. Ndugu zake wangemwozesha mwingine kwa taabu ndogo kuliko hiyo.

Wapo wanaolalamika kwamba riwaya hii, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, inakwenda polepole, kwamba wahusika wanasalimiana mno, wanakula mno, wanasindikizana mno. Malalamiko hayo yanafaa kutoka kwa mtu asiyewahi kupokewa kwenye mji wa Kikerewe. Kule salamu si mlango wa mazungumzo tu. Mara nyingi ndiyo mazungumzo yenyewe.

Aliyeiandika alizaliwa mwaka 1896 kisiwani Ukerewe, katika ukoo wa watemi. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha Seminari ya Rubya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kwa miaka kumi hivi. Huko alifunzwa Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Hakuwa padre. Alirudi, akamwoa Anna, akafanya kazi Mwanza na baadaye misheni, na watoto wao hawakuishi. Jambo hilo la mwisho halihitaji ufafanuzi kwa anayejua kisa cha Myombekere. Mtu aliyeandika kwa subira ile juu ya mume anayekataa kumwacha mke kwa sababu ya uzazi hakuwa akibuni machungu ya jirani.

Mswada aliukamilisha Februari 1945, kwa Kikerewe. Hebu fikiria: msomi mwenye lugha za Ulaya kichwani, vita vya dunia bado vinaendelea, naye anakaa Kagunguli akiandika maisha ya wazee kabla Wazungu hawajafika, kwa lugha ya kisiwa kimoja. Ziwa lililomo humo ni ziwa la kabla ya sangara, ambaye alipandikizwa miaka ya 1950. Kijana wa Kirumba, Mwanza, anayedhani ziwa ni sangara na dagaa tu angelisoma kitabu hiki kama habari za nchi ya mbali.

Si kwamba utamaduni wa kandokando ya ziwa haukuhifadhiwa kwingine. Wasukuma wana Bujora, pale Kisesa, makumbusho ambayo chimbuko lake ni juhudi za Padre David Clement. Ni hazina, na apewe shukrani zake. Lakini ngoma iliyotundikwa ukutani huonyesha umbo lake. Haisemi nani aliipiga, nani alinuna, nani alikatazwa kuigusa. Kitereza aliweka hayo. Ng'ambo ya pili, upande wa Kenya, Grace Ogot alijaribu jambo la jamaa moja na hilo alipoandika *Miaha* kwa Kijaluo mwaka 1983, ingawa yeye tayari alikuwa mwandishi mashuhuri kwa Kiingereza. Kitereza hakuwa na jina la kumtangulia.

Ndiyo maana mswada ulizunguka. Padre Almas Simard, Mkanada aliyemtia moyo, alianza kuutafsiri kwa Kifaransa. Hakikutoka kitu wakati huo. Wasemaji wa Kikerewe wachache, soko dogo: hoja zilikuwa hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Ukerewe watafiti Wamarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakamhimiza aufasiri kwa Kiswahili. Mzee wa miaka sabini na kitu akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa, kazi ambayo alikwisha kuimaliza mara moja. Tanzania Publishing House wakaitoa kwa tarehe ya 1980. Kitereza alifariki Aprili 1981, nakala hazijamfikia mkononi.

Miaka thelathini na mitano kutoka mswada hadi kitabu! Tunapenda kusema kwamba wazee wanakufa na maktaba zao. Huyu aliiandika maktaba yake, akaipanga, akaifasiri mwenyewe, akaomba tu ichapwe. Siku hizi utamaduni wa Ziwa hukumbukwa zaidi mgeni rasmi anapokuja: ngoma dakika kumi, fulana zenye nembo, hotuba, soda, na watu wanatawanyika.

Wajerumani walikipata kitabu hiki kuanzia 1991 kwa tafsiri ya Wilhelm Möhlig. Kifaransa, kwa kuegemea kazi ya Simard, kikatoka Paris mwaka 1996. Toleo la Kiingereza lilingoja hadi 2002, nalo ni kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe, ambaye alirudi kwenye Kikerewe chenyewe badala ya kupitia Kiswahili. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu kurasa za 1945 hazikuwa zimepotea. Hazikuwa zimechapwa pia.