Hukumu ya Dakar na Mlinda Mlango wa Makongo

Uamuzi wa kocha Marcio Maximo wa kumweka Juma Kaseja nje ya Taifa Stars baada ya mabao manne ya Dakar, Machi 2007, ulikuwa kosa siku ulipopitishwa, ukazidi kuwa kosa kila mwezi ulipoendelezwa, na kwa kuwa wapo walimu wa michezo hapa Chamwino ambao hata leo hutaja jambo lile kwa sifa, wakilifanya mfano wa kocha asiyeyumbishwa na majina makubwa, naona ni wajibu wa safu hii kulirudia, kulipima kwa mizani ya mchezo wenyewe, na kudhihirisha mahali lilipopinda.

Msomaji aliyefuatilia kandanda la nchi hii hana haja ya kusimuliwa Kaseja ni nani. Alitoka Kigoma, akalelewa na mpira wa shule, na Makongo, shule ya jeshi iliyokuwa mikononi mwa Kanali Idd Kipingu, ndiyo iliyomtoa akiwa amekwisha kuiva, kama ilivyomtoa baadaye Jerry Tegete kwa upande wa washambuliaji. Sisi tuliofundisha mpira wa wanafunzi katika nyanda hizi kavu, kila tulipokutana na wenzetu wa mikoa mingine pembeni mwa uwanja wa mashindano, tulibishana juu ya mawinga na viungo mpaka jua likazama. Lakini mazungumzo yalipofika kwa mwanafunzi asiyesahaulika, ubishi ulikuwa mfupi, maana majina mengine yote yalikuja baada ya lake.

Na lisimtoke mtu neno la bahati. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na Kaseja hakujaliwa urefu, kwa hiyo aghalabu ya makocha wetu, ambao mpaka leo huchagua golikipa kwa kumsimamisha kando ya mlingoti, wangempeleka kucheza beki ya kulia, wakamalizana naye. Majibu yake kwa upungufu ule yalikuwa ya elimu. Alisogea mbele hatua mbili au tatu mapema, kabla mshambuliaji hajainua kichwa, akaifunga pembe. Mpira ulipopigwa miguu yake ilikuwa imekwisha kutulia, kwani mdakaji anayekutwa katikati ya mwendo hana mguu wa kurukia. Na krosi hakuzifuata zote kwa pupa, bali iliyoangukia karibu aliifuata kwa ngumi au kwa viganja, na iliyokwenda mbali aliwaachia mabeki wa kati, yeye akarudi mstarini kungoja kichwa. Juu ya hayo mdomo wake haukunyamaza, na beki aliyesahau mtu wake alikumbushwa kwa jina kabla hatari haijazaliwa.

Ithibati ya elimu hiyo iliandikwa Cairo. Mwaka 2003 Simba iliifunga Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, bao 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 huko Misri, kisha ikaivua ubingwa kwa matuta 3-2, na aliyesimama langoni alikuwa kijana wa miaka 18 ambaye vumbi la uwanja wa shule lilikuwa halijamtoka viatuni. Kanuni za wakati ule zilimtaka mlinda mlango abaki mstarini mpaka mpira upigwe, akiruhusiwa kwenda kando tu, na kutoka mita 11 mpira hufika katika muda usiotimia sekunde moja, hivyo mfupi asiyejua kusoma nyonga ya mpigaji na mguu wake wa kusimamia hana analoweza kulifanya ila kubahatisha. Kaseja hakubahatisha. Na heshima ya siku ile mimi humgawia pia marehemu James Siang'a, kocha wa Simba, Mkenya aliyekuwa yeye mwenyewe mlinda mlango wa Harambee Stars, ambaye aliijua kazi ya lango kwa viganja vyake, akampa mtoto wa shule mechi kubwa kuliko zote na hakumtafutia mzee wa kumfunika.

Tuje sasa Dakar. Senegal ile haikuwa timu ya kukutana nayo njiani ukaisalimu ukapita. Ilikuwa imecheza fainali ya Afrika na robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2002, na ilikuwa kwake. Sisi tulikwenda na alama nne za mechi mbili, baada ya kuifunga Burkina Faso 2-1 na kutoka sare tasa Maputo, tukiwa na timu changa iliyokuwa bado inajifunza kusafiri. Tukafungwa 4-0. Mwenye insafu akitazama mabao manne ugenini huanza kuhesabu kutoka mbele kuja nyuma: nani alipoteza mpira katikati, nani hakumfuata winga, nani aliacha nafasi mbele ya boksi, beki gani alimgeuzia mtu mgongo, na akifika kwa mlinda mlango, ambaye ni mtu wa mwisho kuguswa na makosa ya wenzake kumi, humhukumu kwa yale tu aliyokuwa na uwezo wa kuyazuia. Mwenye haraka huanza kutoka nyuma, na kwa kuwa nyuma kuna mtu mmoja tu aliyevaa jezi ya rangi yake, huishia hapo hapo. Matokeo ya safari ile yalikuwa kwamba mabeki walirudi kambini, viungo wakarudi kambini, na jina la Kaseja, Tanzania One, likafutwa.

Nitaambiwa kwamba jambo halikuwa mabao bali nidhamu, maana neno hilo ndilo lililozagaa vijiweni na magazetini. Na iwe hivyo. Sitaki kumtakasa mtu kwa mambo ya kambini ambayo hayakutendeka mbele ya watazamaji. Lakini hata tukiikubali hoja hiyo yote kama ilivyo, uamuzi unabaki kuwa mbovu, na hapa ndipo mwalimu wa shule anapomzidi maarifa kocha wa taifa. Shuleni adhabu ina mwanzo na mwisho. Mwanafunzi akikosa Jumatatu, hutumikia adhabu yake Jumanne, na Jumatano yuko uwanjani, kwa sababu makusudi ya adhabu ni kumrudisha akiwa mwema zaidi, na mwalimu anayemfukuza hodari wake kwa kosa la wiki moja amekiri kwamba kazi ya ulezi imemshinda. Mechi mbili za kukaa benchi zingekuwa funzo. Miaka mitatu haikuwa funzo la mtu yeyote. Ilikuwa ni kocha kushikilia neno lake kwa kuwa alikwisha kulitamka mbele ya watu, na kadiri mashabiki walivyolitaja jina la Kaseja majukwaani ndivyo alivyozidi kukaza, mpaka ikawa vigumu kujua kama anachagua golikipa au anashindana na jukwaa.

Na itazamwe hiyo ilikuwa ni miaka gani. Kuanzia 2007 mpaka 2010 Kaseja alikuwa kati ya miaka 22 na 25, umri ambao winga huwa anakaribia kileleni lakini mlinda mlango ndipo anapoanza kukomaa, kwa kuwa kazi yake hustawi kwa kumbukumbu kuliko kwa mapafu: kila shuti aliloliona huwekwa akiba kwa ajili ya shuti lijalo. Kumnyima mtu wa namna hiyo mechi za kimataifa katika umri huo ni kulinyima taifa akiba yake lenyewe.

Ivo Mapunda alizivaa glovu badala yake kwa heshima, tukapata sare ya 1-1 na Senegal pale Kirumba na ushindi wa 1-0 Ouagadougou, na Maximo, kwa haki yake, aliwarudisha watu uwanjani, akawaamini vijana, akatufikisha fainali za CHAN 2009. Lakini kampeni ile ya 2007 iliisha kwa kufungwa na Msumbiji nyumbani, tukabaki na alama 8. Na huko Ivory Coast mwaka 2009, tulipohitaji kuilinda 1-0 dhidi ya Zambia ili tuingie nusu fainali, bao la kusawazisha likaingia dakika za majeruhi. Sisemi kwamba Kaseja angelizuia, na waliodaka siku zile hawana deni kwangu. Nasema kwamba dakika za mwisho za mechi ya namna ile, za kutuliza mpira, kupanga ukuta, kuwapigia kelele mabeki waliochoka na kula sekunde bila kuonyeshwa kadi, ni fani iliyosomewa Cairo, na aliyeisomea alikuwa nyumbani, mzima wa afya.

Yaliyofuata yalitoa hukumu yake bila kuulizwa. Simba ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2009/10 bila kupoteza mechi, Kaseja akiwa langoni. Mei 2012, Yanga ilipopigwa 5-0, mlinda mlango huyo huyo alivuka uwanja mzima akafunga mojawapo ya penalti. Machi 2013, chini ya Kim Poulsen, alivaa kitambaa cha unahodha Stars ilipoifunga Morocco 3-1. Watakaonitajia Desemba 2013, akiwa na jezi ya Yanga na Simba ikashinda 3-1 katika Nani Mtani Jembe, nawakubalia: ilikuwa siku mbaya kwake, na hakuna mdakaji asiyekuwa nayo. Lakini walikuwa wapi mwaka 2019, alipoitwa tena akiwa na miaka 34, mchezaji wa KMC ambaye wengi walikwisha kumwandikia wasifu wa kuagwa? Agosti 4, Kasarani, tuliitoa Kenya kwa matuta 4-1. Septemba 8, Dar es Salaam, tukaitoa Burundi kwa matuta 3-0, wageni wasifunge hata moja. Kanuni ilikuwa imebadilika mwaka huo huo, ikimtosheleza mlinda mlango kuwa na sehemu ya mguu mmoja tu juu ya mstari wakati wa kupigwa penalti, na mzee yule akaitumia kwa wepisi ambao vijana wa nusu ya umri wake walikuwa bado hawajaujua. Miaka 16 ilipita kati ya Cairo na Kasarani, na elimu ilikuwa ile ile.

Pamoja na hayo sitamweka mahali pasipo pake. Kwa mizani yangu Athumani Mambosasa na Omari Mahadhi, waliodaka miaka ya 1970, walimzidi kwa mipira ya juu, na Juma Pondamali, Mensah wa Lagos 1980, alimzidi kwa ujasiri wa kutoka langoni na kuikabili miguu ya mtu. Wale walidaka bila kocha wa makipa, mpira ukilowa unakuwa mzito, na hawakusifiwa kwa kupiga pasi fupi. Leo mlinda mlango akigusa mpira mara tatu kwa unyayo mtangazaji humwita wa kisasa, na akiukosa mpira wa kona mtangazaji huyo huyo huwa amekwisha kuhamia habari nyingine. Kaseja alikuwa mtu wa mwisho katika ukoo wa wale wazee, naye ukoo ule ulizaliwa viwanja vya shule na vya mitaa.

Ndiyo maana siwezi kulitaja jina lake bila kukumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Makongo ikionyesha faida ya michezo shuleni kwa mifano hai, wizara ya elimu iliyafuta mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA kwa dhana kwamba yanaharibu masomo, yakaja kurudishwa baadaye vijana wengi wakiwa wamekwisha kupita bila kuonekana. Na yaliporudi yakarudi na maradhi yake ya zamani, vijeba wenye ndevu waliosajiliwa kidato cha pili wiki moja kabla ya kipute, na mamluki wa kuazimwa kutoka timu za daraja la chini. Vijana wetu wa taifa, Serengeti Boys, walikwisha kuondolewa katika fainali za Afrika za 2005 kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja, na bado hatukujifunza.

Hapa Chamwino hali ya uwanja inafundisha zaidi ya kitabu. Ifikapo Juni nyasi zimekwisha, udongo umekauka ukawa kama sakafu, mistari imechorwa kwa majivu ambayo upepo unayafuta kabla ya mapumziko, na mpira unaodunda mbele ya lango hupanda ghafla mpaka kidevuni. Mtoto akijirusha ovyo juu ya changarawe hizo huinuka viwiko vikitoka damu, na kwa hiyo mwenye akili hujifunza upesi kwenda kando kwa hatua mbili fupi, kuuweka mwili nyuma ya mpira na kudaka akiwa bado amesimama, akiacha kuruka kuwe ni jambo la lazima. Huo ni msingi ule ule aliousimamia Kaseja, nao unapatikana Mvumi, Buigiri na Haneti bila gharama yoyote, ila anayeuona ni mwalimu aliyetulia, asiye na futi ya kupimia kimo.

Basi walimu wenzangu mtakaoketi kuchagua timu ya wilaya, mtazameni mlinda mlango miguu yake na viganja vyake, msikilizeni anavyowaita mabeki, wala msimwache kwa ufupi. Na akifungwa manne katika mechi ya kwanza, mwaminini kama Siang'a alivyomwamini Kaseja, mpeni ya pili. Maximo hakufanya hivyo, na alikosea.