Shoka Liko Nyuma ya Bowser

Super Mario Bros. ilitoka Japani Septemba 1985. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Tulisubiri mpaka 1994. Ndiyo maana watu wengi wa rika langu hapa Same walikutana na Mario akiwa tayari na miaka kumi au zaidi, amejificha ndani ya kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999, na ukizipitia unakuta ni chache tu zinazorudiwa kwa majina tofauti. Mashine yenyewe haikuwa ya Nintendo, ilikuwa ya kuigiza. Ilichomekwa kwenye televisheni ya nyumbani au ya kibanda, na watoto wakajipanga sakafuni kusubiri zamu.

Vibanda vya karibu na stendi siku hizi vimejaa gemu za mpira. Lakini Mario bado anachezwa hapa na pale, na yupo kijana mmoja ambaye napenda kukaa nyuma yake nikamtazama. Wengine humsifu kwa wepesi wa vidole. Mimi naona wanamsifia kisichokuwa kikubwa. Vidole vyepesi wanavyo wengi, na wengi hao hufia steji ya pili. Yeye anachowazidi ni kuacha: anajua lini asiruke, sarafu ipi aipite, adui yupi asimguse.

Mtazame kidole gumba cha mkono wa kulia. Ncha yake imekaa juu ya kitufe cha B na haiondoki, maana B ndiyo mbio. Anapotaka kuruka hanyanyui kidole. Anakilaza tu, na nyama ya chini ya gumba inabonyeza A. Akikilaza kwa muda mfupi Mario anaruka kidogo, akikikawiza anapaa. Urefu wa mruko unategemea vitu viwili, kasi uliyokuja nayo na muda ulioshikilia kitufe, na vyote viwili viko ndani ya kidole hicho kimoja. Padi nyingi za kuigiza zina pia vitufe vya ziada vinavyojibonyeza vyenyewe mfululizo. Hajawahi kuvigusa mbele yangu. Kitufe cha aina hiyo kinakupa mruko mfupi tu, na shimo pana halivukwi kwa mruko mfupi.

Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliibuni gemu hii ili ifundishe bila maneno. Mwanzoni kabisa mwa 1-1, yaani dunia ya kwanza, steji ya kwanza, anakuja kiuyoga mwenye miguu, taratibu, toka kulia. Usiporuka unakufa, na umepoteza sekunde chache tu. Ukiruka na kugonga sanduku lenye alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unakwenda kulia, unagonga bomba, unarudi kwako mwenyewe. Mtoto wa Gonja au Chome asiyejua neno la Kijapani wala la Kiingereza ameshaelewa kwamba huyu ni adui na huyu ni msaada. Yote hayo yameingia katika kaseti ya kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Walibana nafasi mpaka wingu na kichaka vikawa umbo lilelile lililobadilishwa rangi.

Karibu kila adui hutokea mahali palepale kila unapocheza. Kwa hiyo steji inasomwa, na anayekufa hapohapo mara ya tatu bado hajaisoma. Mfano ni ngome ya 4-4. Ukichagua njia isiyo yake, ukumbi unajirudia, unajirudia, hadi muda unakwisha. Kinga yake ilienea kwa mdomo, mtoto kwa mtoto: kwanza juu, kisha chini.

Halafu kuna ngazi za mwisho wa 3-1. Kobe wawili wanazishuka. Kijana wetu anamalizana na wa kwanza, anamsubiri wa pili, anamkanyaga angali juu ya ngazi, kisha analisukuma gamba ligonge kidato na kurudi chini ya miguu yake. Anadunda palepale. Pointi zinapanda mpaka 8000, na baada ya hapo kila mdundo ni uhai mmoja wa ziada. Wageni hushangilia na kumwambia aendelee. Yeye akishapata wa kumtosha anashuka, anaondoka. Yuko sahihi: mashine haiwezi kuhesabu uhai kupita 127, na ukivuka hapo, ukifa mara moja tu gemu inakwisha. Wengi wameimaliza gemu yao hapo kwa tamaa.

Mtihani wenyewe uko kwa wale kobe wenye nyundo. Hawa hawana ratiba ya kukariri. Wanaruka wanapotaka, wanarusha wanapotaka, na katika 8-3 wanakuja wawiliwawili. Asiyejua anajitosa katikati ya nyundo. Huyu anasimama mbali kidogo, anatazama miguu yao wala si nyundo, na mara wanaporuka kwenda tofali za juu anapita chini yao kwa mbio zote. Hawaui. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba kuwaua hakumpeleki popote. Lakini kungoja nako kuna mwisho, kwa sababu ukikawia sana wanaanza kukufuata.

Bowser, bosi aliyemteka binti mfalme, anakaa mwisho wa kila dunia, juu ya daraja, chini yake moto. Wa dunia saba za kwanza ni bandia: ukiwapiga kwa moto mpaka wafe, umbo lao halisi linajitokeza, na wa kwanza ni kiuyoga tu aliyevaa sura ya mkubwa. Wa nane ndiye mwenyewe. Kuanzia dunia ya sita bosi anarusha nyundo, na katika 8-4 nyundo na moto vinakuja pamoja. Mipira mitano ya moto inamwua, ila Mario hawezi kuwa na mipira zaidi ya miwili hewani kwa wakati mmoja. Ukirusha ukiwa mbali na kukosa, unabaki mikono mitupu ukisubiri ipotee. Kijana anasogea karibu kuliko moyo wangu unavyotaka. Akiwa karibu, mpira unafika upesi, na unaofuata unaruhusiwa upesi.

Ua linalompa moto huo analitunza tangu mbali. Wapare wa milimani hapo juu hufanya hivyo na ndiva, yaani bwawa la kumwagilia: kijito ni kidogo, maji yakiachwa yatembee hayafiki shamba la mwisho, kwa hiyo yanakusanywa bwawani usiku kucha na kufunguliwa asubuhi kwa nguvu moja. Asipokuwa na ua, anangoja Bowser aruke juu, anapita chini yake kwenda kwenye shoka lililo nyuma. Na akiwa amekuzwa na uyoga tu, anakubali kugongwa: anapungua kuwa mdogo, anamemeta kwa muda mfupi ambao hakuna kinachomdhuru, na katika muda huo anapenya katikati ya mwili wa bosi hadi lilipo shoka. Shoka likiguswa, daraja linakatika. Sijaona hasara iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Ulimwenguni wapo wanaoimaliza gemu hii kwa kupita mabomba ya mkato ya 1-2 na 4-2. Mwaka 2021 mchezaji anayejulikana kwa jina la Niftski akawa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55. Ni kazi ya kutisha na naiheshimu. Hata hivyo, kwangu mimi ufundi kamili ni wa anayepita steji zote 32, hasa katika mji ambao umeme unaweza kukatika ukiwa 7-3. Gemu haihifadhi chochote. Uhai wote ukiisha, unaweza kushika A ukabonyeza Start na kuanza mwanzo wa dunia uliyofia, ila mashine iwe haijazimika. Ikizimika unarudi 1-1, kwa yule kiuyoga wa kwanza. Nimeshamwona akirudi hivyo bila kulalamika, na kurudia kila mruko kwa uangalifu uleule.

Basi kama una mashine hiyo kwenye kabati, ichomeke, uache mabomba ya mkato. Ukimwokoa binti mfalme, gemu itakuambia ubonyeze B uchague dunia. Ibonyeze. Katika raundi hiyo ya pili viuyoga wote wamegeuzwa kuwa kobe ambao moto hauwaui.